Jeshi langu la udongo

Najua nimekuwa kimya, na wengine mmeniandikia kuuliza kama nimemezwa na foleni ya malori hapa Tunduma. Sijamezwa. Nilikuwa nafinyanga askari.

Ndiyo, mmesoma vizuri. Mtu mzima, mwandishi wa habari mwenye kitambulisho na madeni, nimekaa jioni nyingi mezani na bonge la udongo, waya, vizibo vya soda na rangi za kucha. Dada wa dukani aliniuliza hizo rangi namnunulia nani. Nikamwambia ni za jeshi. Akanitazama kama wanavyotazamwa watu wa kuhurumiwa, halafu akanipunguzia bei.

Ngoja nianze mwanzo.

Nina mshikaji wangu tuliyesoma naye chuo Dar es Salaam. Alikwenda kusoma Uingereza, akarudi na shahada ya pili na sanduku la askari wa plastiki, kila mmoja na urefu wa kama sentimita tatu. Mchezo wenyewe unaitwa Warhammer 40,000, ulianza kuuzwa mwaka 1987. Mnapanga majeshi mezani, mnapima hatua kwa futi, mnarusha dadu kujua nani kapigwa na nani kapona. Si jambo jipya kule. H. G. Wells, yule mwandishi wa riwaya, alitoa kitabu cha kanuni za mchezo kama huo mwaka 1913, mwaka mmoja tu kabla ya vita vya kweli kuanza.

Mimi nilidhani raha yake iko kwenye kushinda. Mshikaji akanicheka. Akaniambia hawa askari unawanunua wakiwa hawana rangi, unawapaka mwenyewe, na kabla hujagusa brashi inabidi ujue ni akina nani. Wametoka wapi? Wamepoteza nini? Wanamwogopa nani? Kampuni inatoa hadithi kubwa ya ulimwengu mzima, na wewe unatafuta kona yako humo ndani.

Jeshi lake ni la bluu, lakini kila askari ana mkono wa kushoto mweusi. Kwa nini? Kwa sababu, kwa hadithi aliyoitunga yeye, mji wao uliungua na nahodha wao alichimbua watoto kwenye majivu kwa mkono huo, na tangu siku hiyo kikosi kizima kinaupaka masizi. Hadithi ikaingia mpaka kwenye uchezaji. Askari wake waliapa kutoiacha nyumba yenye watu, basi hata dadu zikimkataa hatoki kwenye jengo. Nilimwona akifungwa mchezo mzima kwa ajili ya kiapo cha watu wa plastiki, na alikuwa na furaha kabisa.

Msicheke sana. Babu zetu walifanya hayo kwa miili yao. Wenye kumbukumbu za ngoma ya beni wanajua: vikundi vya Marini na Arinoti, na majenerali wao, makapteni wao, magwaride na sare za kuazima, watu ambao mchana walikuwa makarani na vibarua. Profesa Terence Ranger aliandika kitabu kizima kuhusu habari hizo mwaka 1975. Kujitungia jeshi lako, ukalipa vyeo na historia, si ugeni kwetu.

Basi nikataka jeshi langu. Masanduku ya Uingereza sina uwezo nayo, lakini nimekulia huku kwetu, na utotoni nilikuwa fundi wa magari ya waya. Nikaagiza udongo kutoka Kyela, upande ule wa Matema ambako Wakisi wanafinyanga vyungu vyao. Waya nikapata kwa mafundi wa barabarani. Askari nikamfinyanga kwa urefu wa kidole gumba, nikamsimamisha juu ya kizibo, nikamkausha juani na kumchoma taratibu kwenye jiko la mkaa. Wengi walipasuka. Waliopona ndio walioandikishwa.

Asili ya jeshi langu haikunisumbua hata kidogo, maana kwetu hadithi ipo tayari. Baba yangu amekuwa akituambia tangu tukiwa wadogo: sisi ni uzao wa askari. Babu yake, yaani baba wa Bibi, alikuwa askari wa Mjerumani kwenye vita ile ya 1914 hadi 1918. Ukilala hadi saa mbili unaambiwa uzao wa askari haulali hivyo. Ukilia ukichomwa sindano unaambiwa hivyo hivyo. Baba anatembea mgongo umenyooka kama mlingoti, na ukimuuliza sababu, jibu ni hilo.

Basi nikafinyanga askari arobaini. Kofia nyekundu, vifungo vya rangi ya dhahabu, bunduki za waya begani. Nikawapanga, nikawapiga picha, nikamtumia mshikaji wangu. Akajibu: wazuri sana, kaka. Sasa wametoka wapi na wanakwenda wapi?

Nikakosa jibu. Mimi, ambaye kazi yangu ni kuwauliza watu maswali ya namna hiyo hiyo!

Nikaanza kusoma. Na kumbe hadithi kubwa ilipita mlangoni kwetu. Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, alivuka Ruvuma kuingia Msumbiji mwezi Novemba 1917, akazunguka huko karibu mwaka mzima, akarudi huku Septemba 1918 kupitia upande wa Songea na Njombe. Kutoka hapo akaelekea magharibi, kwenye nchi hii ambayo tangu 2016 tunaiita Mkoa wa Songwe. Mwanzoni mwa Novemba 1918 alikuwa mbele ya Fife, kituo cha Waingereza chenye maghala ya vyakula, upande wa pili wa mpaka, si mbali na hapa ninapoandikia. Akakuta wamejichimbia vizuri, akapiga kidogo, akaachana nao, akashuka kusini. Tarehe 9 kikosi chake cha mbele kikaingia Kasama. Tarehe 11 vita vikaisha Ulaya, lakini yeye habari hiyo ilimkuta siku mbili baadaye. Alisalimisha silaha tarehe 25 Novemba 1918 huko Abercorn, mji ambao leo unaitwa Mbala.

Nikafurahi. Jeshi langu likapata njia ya kupita. Nikachora ramani juu ya maboksi ya friji: Mbozi huku, Fife kule. Kilichobaki ni kumpata babu mwenyewe ndani ya hadithi. Nikampakia askari mmoja mfukoni, nikapanda basi kwenda kwa Bibi, huko Mbozi kwenye kahawa.

Bibi yangu ana zaidi ya miaka themanini na masikio yanayosikia yanachotaka. Nikamwamkia, akanipokea, akanipa chai, akaniuliza lini naoa. Yalipokwisha hayo nikamtoa askari wangu na kumweka kiganjani mwake.

“Huyu ni nani?”

“Ni baba yako, Bibi. Wakati ule wa vita.”

Akamgeuza geuza. Akamkwaruza kile kitufe cha dhahabu kwa ukucha. Halafu akacheka, lakini kicheko chenyewe kilikuwa kifupi.

“Baba yangu hakuwahi kushika bunduki, mjukuu wangu. Bunduki alizibeba. Ndani ya sanduku, kichwani.”

Nikanyamaza. Bibi naye akanyamaza, akawa anamtazama kuku uani. Kisha akanieleza, taratibu.

Baba yake na kaka yake mkubwa walichukuliwa wakiwa shambani. Nikamuuliza, na nani, Wajerumani au Waingereza? Akasema ni Wazungu na askari wao. Nikasisitiza, kama tunavyofundishwa: wa upande gani? Akaniuliza, kwani mzigo una kabila?

Walivuka kwenda upande wa pili wakiwa wamebeba. Siku kadhaa baadaye kaka mtu akaanza kukohoa, mwili ukawa moto. Ule ulikuwa mwaka wa homa kubwa ya mafua iliyozunguka dunia nzima, na msafara wa Lettow-Vorbeck haukuachwa. Usiku mmoja baba yake Bibi akaona walinzi wamelala. Kaka yake hakuweza hata kukaa. Akamfunika kwa nguo yake, akamwekea kuni kwenye moto, akaondoka. Akatembea usiku na kujificha mchana mpaka nyumbani.

Mama yake alipomuuliza mwenzake yuko wapi, alisema amefariki. Wakalia matanga. Uzeeni, akiwa mgonjwa wa kufa, ndipo alipomwita Bibi peke yake na kumwambia kwamba alipoondoka, kaka yake alikuwa bado anapumua. Na kwamba alikuwa macho, anamwona akiondoka.

“Na hii habari ya uaskari, Bibi? Ilitoka wapi?”

“Baba yako alirudi nayo kutoka shule. Mtoto mwenzake alisema babu yake alikuwa askari, na yeye akasema wa kwetu pia. Akaja kuniuliza, mama, si ni kweli? Alikuwa na miaka minane. Sikumkatalia.”

Kwenye basi la kurudi Tunduma sikusoma wala kusikiliza muziki. Niliwaza zile sanamu. Nilipokuwa nasoma Dar nilipita mara mia pale Posta kwenye Sanamu ya Askari, iliyozinduliwa 1927. Maandishi yake yanawataja wapagazi, yanasema walikuwa miguu na mikono ya jeshi. Lakini aliyesimama juu ni mmoja tu, mwenye bunduki na singe. Nairobi iko nyingine ya enzi hizo hizo, na pale wamesimama watatu, mmoja wao mpagazi. Na Kariakoo? Tunapigana vikumbo pale kila siku kununua simu na mitumba, na jina lenyewe limetoka kwa wapagazi wa Mwingereza, Carrier Corps, waliokuwa na kambi yao pale. Waingereza peke yao waliwaandikisha wapagazi wanaokadiriwa kufikia milioni moja katika vita ile, na hesabu zao rasmi zinataja vifo zaidi ya 90,000. Wa upande wa Mjerumani wengi hawakuandikwa popote.

Nilipofika nyumbani niliwaangalia askari wangu arobaini wenye vifungo vya dhahabu, nikaona ni waongo. Nikawalowesha kwenye ndoo. Wale waliochomwa vizuri walikataa kuyeyuka, kwa hiyo kumi na wawili wakabaki. Hao nikawafuta wekundu na dhahabu, nikawapaka kahawia na kijivu, kila mmoja na nguo yake, maana kufikia 1918 watu wa Lettow-Vorbeck walikuwa wanavaa na kupigania vitu walivyoteka kwa adui.

Halafu nikaanza kufinyanga wapagazi. Nilitengeneza ishirini na nne. Nikaongeza wanawake sita, watoto wanne, kwa sababu askari walitembea na familia zao, wake wakipika na kubeba njia nzima. Mzungu nikafinyanga mmoja. Siku ile ya kusalimu amri Mbala, Wajerumani walikuwa 155 na askari zaidi ya 1,100, na ukijumlisha wapagazi, wanawake na watoto, idadi yao iliwapita hao wote. Kwa hiyo meza yangu haijatia chumvi.

Na hapo ndipo nilipoelewa kile mshikaji alichokuwa anaongea. Mabadiliko hayakuishia kwenye rangi, kanuni zenyewe zilikataa kukaa kama zilivyokuwa. Pigeni hesabu pamoja nami. Mpagazi anabeba mzigo wa kilo 25 hivi. Akila kilo moja ya unga kwa siku, na mzigo wenyewe ukiwa ni unga, siku ya 25 amekula mzigo wote, na askari hajapata hata tonge. Kwa hiyo unahitaji mpagazi wa kumlisha mpagazi, na mwingine wa kumlisha huyo. Au unaingia kijijini na kuchukua. Majeshi yote mawili yalichukua.

Basi kwenye mchezo wangu kila raundi inaanza na chakula. Askari haendi mbali kuliko mpagazi wake. Chakula kikipungua unarusha dadu kwa kila mpagazi: ikija moja anaugua, ikija mbili anatoroka usiku. Unaweza kuingia kijijini ukajaza mizigo, lakini kila ukifanya hivyo kijiji kinachofuata unakikuta kitupu, watu wamekimbilia porini na mtama wao. Na kuna mpagazi mmoja nimemfinyanga bila mzigo, na kizibo chake nimekigeuza. Wote wanaangalia Fife, yeye anaangalia huku.

Mshikaji akaja kunitembelea, tukacheza sebuleni kwangu. Yeye Mwingereza, amekaa Fife na maghala yake. Mimi natoka Mbozi. Mpaka raundi ya sita hatukuwa tumepigana hata mara moja. Nilikuwa nimebakiwa na wapagazi kumi na tatu, bunduki nyingi kuliko watu wa kubeba risasi, na nimesimama katikati ya pori nahesabu unga.

“Kaka, mchezo wako unachosha,” akasema. “Vita viko wapi?”

Nikamwambia ndiyo hivi. Akakaa kimya, akaomba turudie, safari hii yeye aje kama mimi. Tulicheza mpaka saa saba usiku. Alipofika kijiji cha tatu alishika dadu mkononi muda mrefu, hataki kuingia. Kile kijiji ni kipande cha boksi, jamani, na vibanda vitatu vya njiti za kiberiti.

Sasa lilibaki suala la Baba.

Kwa wiki mbili nilikuwa nalifunika lile jeshi kwa kanga kila akija. Sikujua nina haki gani. Mzee wa miaka zaidi ya sitini, ametembea mgongo umenyooka maisha yake yote kwa ajili ya hadithi moja, halafu mwanaye aje na dadu na rangi za kucha kumwambia hapana. Bibi nilikuwa nimemuuliza kama naweza kuandika. Alisema andika, lakini baba yako asiisome kwanza, aisikie kwanza.

Jumapili iliyopita nikamkalisha, nikafunua kanga. Alitazama kwa muda mrefu. Akauliza askari ni wepi, nikamwonyesha. Akauliza babu ni yupi. Nikamwonyesha yule aliyegeuka.

Nikamweleza kama nilivyoelezwa na mama yake. Sikuongeza wala kupunguza. Baba hakunikatiza. Nilipomaliza aliuliza kitu kimoja tu: kaka yake alikuwa anaitwa nani? Nikamtajia jina. Na ninyi sitawatajia, lakini Baba alilifahamu, maana ndilo la kaka yake yeye mwenyewe, baba yangu mkubwa, mzaliwa wa kwanza wa Bibi. Sote tulidhani ni jina tu la ukoo.

Baba aliinuka, akaenda dirishani, akasimama anatazama malori. Mgongo ulikuwa umenyooka vile vile. Akarudi, akainama mezani, akauliza huyo kaka mtu yuko wapi hapa. Nikamwambia sijamfinyanga, sikujua nimfinyange vipi, amelala au amekaa.

“Mfinyange amekaa,” akasema. “Na moto uwe unawaka.”

Sikumwambia kwamba Bibi alisema hakuweza kukaa. Udongo ninao. Nilianza juzi, moto nimeutengeneza kwa vipande vya waya wa shaba na rangi ya kucha ya chungwa, na yeye mwenyewe amepasuka mara mbili jikoni. Naendelea.

Kwa hiyo ndiyo sababu ya ukimya wangu. Wewe unayesoma, kama nyumbani kwenu kuna askari kwenye hadithi, au chifu, au mtu aliyemuua simba peke yake, mpigie simu mzee wako wiki hii. Usimuulize kama ni kweli. Muulize tu alikuwa anakula nini na nani alimbebea, halafu nyamaza usikilize.

Nawasilisha. Foleni ya malori tutaizungumza wiki ijayo.